Upinde wa Mlinzi na Kiti cha Hakimu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vingi vya Wasukuma na Wanyamwezi, katika mikoa ya Shinyanga na Tabora, vilikuwa havina usingizi. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini baadhi ya silaha zilikuwa zimeangukia mikononi mwa wahalifu. Ng'ombe waliibwa, watu waliuawa, na polisi walikuwa mbali. Tena watu walilalamika kwamba mwizi akipelekwa kituoni leo, kesho yuko nje, kwa sababu ametoa chochote.

Ndipo wanakijiji wakajipanga wenyewe kwa pinde na mishale. Yowe likipigwa, wanaume wote walitoka, na kijiji cha jirani kililipokea na kulipeleka mbele mpaka mwizi akose njia. Walijiita Basalama, yaani watu wa amani. Nchi nzima iliwajua kwa jina la Sungusungu, wale wadudu weusi wanaouma.

Tusiwalaumu kwa kutoka usiku ule. Torati yenyewe, katika Kutoka 22, haimhesabii damu mtu aliyempiga mwizi akivunja nyumba gizani, hata mwizi akafa. Lakini jua likiisha kuchomoza, damu hiyo inadaiwa. Usiku mwenye nyumba hajui kama aliyeingia anataka mbuzi au roho yake. Mchana mwizi anaonekana na majirani wapo. Hatari ikipita, ruhusa ya kupiga nayo imekwisha.

Baadhi ya Sungusungu walivuka mpaka huo. Washukiwa waliokwisha kushikwa walipigwa ili wakiri. Watu walitozwa faini na kutengwa na wenzao. Kisha, katika baadhi ya vijiji, msako wa wezi uligeuka kuwa msako wa wachawi, katika nchi ambako macho mekundu kwa moshi wa kuni yalitosha kumtia bibi kizee hatarini. Upinde ulioinuliwa kumlinda mnyonge sasa ulimwelekea yeye.

Viongozi wa chama na serikali waliwasifu walinzi hao, huku mahakimu na polisi wakiwa na wasiwasi, na baadhi ya walinzi wakashtakiwa. Mwaka 1984 haki za msingi ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania. Ibara ya 13 inasema mtu anayeshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike, tena asikilizwe kwa ukamilifu. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuutambua ulinzi wa Sungusungu. Walipewa nafasi ya kulinda na kukamata, si ya kuketi katika kiti cha hakimu.

Israeli walifundishwa jambo hilo zamani. Katika Hesabu 35 Mungu aliagiza miji sita ya makimbilio, ili aliyeua asife mikononi mwa mlipiza kisasi kabla hajasimama mbele ya mkutano. Miji hiyo ilikuwa wazi hata kwa mgeni. Nikodemo naye, katika Yohana 7, aliwauliza wenzake kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Walimdhihaki, lakini hawakuwa na jibu.

Nasi leo tunasikia kelele za "Mwizi!" mitaani, na mawe na matairi huletwa upesi kuliko maswali. Tukitoka, na tutoke kumlinda aliyevamiwa, kisha tumlinde na aliyekamatwa mpaka afike kituoni akiwa hai. Wala tusiishie hapo. Yowe la Shinyanga lilikuwa kali kwa sababu watu waliona haki inauzwa. Wapo miongoni mwetu askari, makarani, mahakimu na mashahidi. Kila rushwa wanayoikataa, na kila ushahidi wa kweli wanaoutoa, humpa jirani sababu ya kuliacha jiwe chini.