Stika Kiooni, Mafuta Mchangani

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ndiyo iliyonilisha ugali, sioni haya kusema. Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama ilipokaribia, wenye magari wa Masasi na Newala walijazana gerejini kwangu: taa, honi, wipa, handibreki, kisha ukaguzi na stika kiooni. Wapo walioazima tairi kwa jirani, wakazirudisha jioni.

Lawama nazo hazikukosekana. Landrova moja ya kubebea korosho ilikwenda kukaguliwa ikitembea vizuri tu. Mkaguzi akakanyaga pedali kwa nguvu zote, mara mbili, mara tatu. Paipu ikapasuka, mafuta ya breki yakamwagika mchangani. “Fundi, wameniulia gari!” Mwenyewe alinijia juu kana kwamba mguu ule ulikuwa wangu. Nani alipe? Alilipa yeye.

Paipu nilipoifungua niliikuta imeliwa na kutu. Ingesubiri siku mbili, ingepasukia kwenye mteremko wa kutoka Newala, huko ambako ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako, na magunia yamepakiwa, na abiria wamekaa juu yake. Hilo sikumwambia. Alikuwa bado hajanimalizia pesa yangu.