Walioshindana na Google

Julai 2008, kampuni ya Cuil iliibuka California ikitamba kwamba imeorodhesha kurasa bilioni 120 za intaneti, nyingi kuliko injini nyingine yoyote ya utafutaji. Waanzilishi wake hawakuwa wababaishaji: Anna Patterson na Russell Power walikuwa wametoka Google yenyewe. Siku ya kwanza watu walifurika, mitambo ikazidiwa, na waliobahatika kujibiwa wakakuta picha ya mtu huyu imebandikwa kando ya habari za yule. Septemba 2010 Cuil ikazimwa, na dola milioni 33 za wawekezaji zikaenda nayo.

Kurasa nyingi hazikuwa haja ya mtumiaji. AltaVista ya mwaka 1995 ilikuwa nazo tele, lakini Google ikaipiku kwa kupanga majibu vizuri zaidi.

Waliodumu walikuja na jambo tofauti. Mwaka uleule wa 2008, Gabriel Weinberg wa Pennsylvania alianzisha DuckDuckGo, ambayo baadaye iliahidi kutomfuatilia anayetafuta. Ahadi hiyo haikuwashtua wengi hadi Juni 2013, Edward Snowden alipofichua jinsi Marekani inavyochungulia mawasiliano ya watu. Hapo watumiaji wakaongezeka kwa kasi. Ecosia ya Berlin, iliyoanza 2009, ikaamua faida yake ipande miti katika nchi mbalimbali, zikiwemo Tanzania na Uganda.

Ila majibu yao yalitoka wapi? Kwa sehemu kubwa yalitoka Bing ya Microsoft. Mei 23, 2024 Bing ilipopata hitilafu, DuckDuckGo na Ecosia nazo zikakwama kwa saa kadhaa. Mtumiaji aliyedhani amehama nyumba, kumbe alikuwa amebadili mlango tu. Tena mwaka 2022 ilibainika kuwa kivinjari cha DuckDuckGo kiliwaachia baadhi ya wafuatiliaji wa Microsoft wapite. Kelele zilipozidi, kikarekebishwa. Brave, kampuni nyingine ya kivinjari, ilichagua njia ngumu mwaka 2021: kujenga orodha yake yenyewe ya kurasa.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Neeva. Sridhar Ramaswamy, aliyewahi kusimamia matangazo ya Google, alifungua injini isiyo na tangazo hata moja, inayolipiwa ada. Ilifungwa 2023. Waanzilishi wake walieleza kwamba kumshawishi mtu alipe kulikuwa rahisi kuliko kumfanya aijaribu injini mpya. Sababu mojawapo ya ugumu huo ilidhihirika mahakamani: Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa Washington alitoa hukumu kwamba Google ilivunja sheria ya ushindani. Ushahidi ulionyesha kuwa mwaka 2021 pekee ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari.

Kwa maswali ya kila siku, injini hizi zilizodumu zinatosha kabisa. Mwenye iPhone asihangaike kupakua kitu: DuckDuckGo na Ecosia zimo tayari kwenye mipangilio ya Safari. Azijaribu wiki moja, kisha aamue mwenyewe.