Skrini Nyeusi Si Mbovu

Wasee, leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilipoacha chuo, kabla sijaanza kuwapigia stori huku, nilifanya kazi kwenye saiba moja Nyeri mjini. Kuchapa barua, kutoa kopi, kurekebisha laptopu. Asubuhi moja ya Julai, ile baridi ya kuvaa koti mbili, aliingia mwalimu mmoja wa sekondari na fimbo yake nyeupe. Alitaka nimwekee programu ya kuandikia. Nikafungua laptopu yake: giza tupu. Nikabonyeza hapa na pale. Giza.

"Mwalimu, skrini imekufa," nikasema kwa sauti ya fundi. "Tutaibadilisha na pesa kidogo tu."

Akacheka. "Kijana, haijafa. Nimeizima mimi. Wewe ndiye unaihitaji."

Akabonyeza vitufe vitatu, mwanga ukarudi. "Ukimaliza, iache vile umeikuta."

Hayo maneno ndiyo yalinipeleka kusoma historia ya kompyuta upya. Tumezoea kudhani kompyuta ni skrini. Kwa wasioona haijawahi kuwa hivyo.

Chukua Thika, pale matatu zetu hupita zikienda Nairobi. Shule ya wasioona ya pale ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946. Miaka mitano baadaye, 1951, Perkins Brailler ikaanza kuuzwa Marekani, na mpaka leo wanafunzi wengi wasioona wanaijua. Ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta ya breli. Unaandika kwenye karatasi nzito, unasoma kwa kidole. Hakuna skrini, na kazi inaenda.

Kisha zikaja kompyuta za DOS, miaka ya 1980. Hizo zilionyesha maandishi karibu tupu. Kila herufi ilikaa kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa hivyo programu ingeweza kuichukua na kuitamka. Mmarekani Ted Henter, aliyekuwa mwendeshaji wa pikipiki za mashindano kabla ya kupoteza macho kwenye ajali ya gari mwaka wa 1978, alitoa programu ya JAWS mwaka wa 1989. Mtu asiyeona akaweza kufanya kazi ya ofisi kwa masikio.

Halafu Windows ikashika dunia na picha zake, madirisha na mausi. Sisi tunaoona tulifurahia. Kwa asiyeona, ni kama mtu amehamisha mlango wa nyumba usiku bila kusema. Herufi iligeuka kuwa nukta za rangi, na nukta za rangi hazitamkiki. Ilibidi njia itafutwe upya, na JAWS ya Windows ikafika 1995. Ilifanya kazi, lakini bei yake ilikuwa mamia ya dola. Nani huku kwetu angetoa hizo?

Jibu lilitoka Australia. Mwaka wa 2006 kijana asiyeona, Michael Curran, alianza kuunda NVDA, na rafiki yake James Teh, naye haoni, akajiunga naye. Wakaitoa bure. Hapa Kenya, Irene Mbari-Kirika alianzisha shirika la inABLE mwaka wa 2009, na maabara za kompyuta zikafunguliwa pale pale Thika.

Sasa tufike kwa ile skrini nyeusi. Kwa miaka mingi kuna swali ambalo watengenezaji hawakulijali: kama mimi sioni skrini, nani anaiona? Panda matatu ya Karatina. Unasoma ujumbe wa M-Pesa kwa spika za masikio, wewe unajua ni siri. Jirani yako anasoma salio lote, na huna njia ya kujua macho yake yako wapi.

Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa pazia la skrini. Apple waliliweka mapema kwenye simu zao. NVDA ililipata ndani yake mapema 2020, miaka zaidi ya 30 baada ya JAWS ya kwanza. Unabonyeza kitufe cha NVDA, Control na Escape pamoja, skrini inakuwa nyeusi na sauti inaendelea kama kawaida.

Hapa ndipo nilikosea. Kazi ilipoisha nilipunguza mwangaza mpaka sifuri, nikaona giza la kutosha, nikamwambia, "Tayari, Mwalimu." Akaniamini, akaenda.

Wiki iliyofuata alirudi. Alikuwa ameketi kwenye chumba cha walimu akiandika mtihani wa historia. Mwanafunzi akaleta vitabu vya kusahihishwa, akasimama nyuma yake na kusoma maswali. Kufika jioni, darasa zima lilikuwa nayo. Mwalimu alilazimika kutunga mtihani mwingine usiku kucha.

Kumbe mwangaza na pazia ni vitu viwili tofauti. Ukipunguza mwangaza unaokoa chaji, na hiyo ni muhimu kwa mtu ambaye mashine yake inaweza kuwaka asilimia mia siku nzima bila yeye kujua, halafu stima ipotee. Lakini kwenye laptopu nyingi, hata sifuri bado inasomeka kwa karibu. Pazia nalo linaficha kila kitu, lakini kwenye skrini za kawaida za LCD ile taa ya nyuma hubaki imewaka, kwa hivyo betri inaendelea kuliwa. Anayetaka siri na chaji anahitaji vyote viwili. Na akitaka kupiga picha ya skrini, au NVDA imsomee maandishi yaliyo ndani ya picha, lazima kwanza atoe pazia.

Mwalimu hakunigombeza. Alinikalisha, akanifundisha hivyo vitufe, kisha akanifanya nivirudie skrini ikiwa nyeusi, nikisikiliza tu. Nilipotea mara nne kabla ya kufungua faili moja. Yeye alikuwa ameshaifungua kwa sekunde chache.

Kwa hivyo wewe unayefanya kazi saiba, au una classmate asiyeona: ukikuta skrini nyeusi, uliza kwanza. Na ukiambiwa uiache ulivyoikuta, usiseme "tayari" kabla hujahakikisha.