Baada ya Kimbunga, Nani Anamuuliza Muuguzi?

Leo tutakwenda Msumbiji, mwaka 2019. Si mbali nasi, na mafuriko hata sisi tunayajua.

Usiku wa tarehe 14 Machi 2019, kimbunga kilichopewa jina la Idai kilipiga Beira, mji wa bandari wenye watu kama nusu milioni. Mabati yaliruka, nguzo za umeme zikaanguka. Kisha mito Pungwe na Buzi ikavunja kingo na mashamba yakawa ziwa. Watu walikaa juu ya mapaa na miti wakingoja mashua. Msumbiji peke yake ilipoteza watu zaidi ya 600. Zimbabwe na Malawi nazo zilipigwa.

Tukisikia habari kama hizo, sisi huuliza: wamekufa wangapi? Ni haki kuuliza. Lakini liko swali jingine, na hilo ndilo huamua wangapi watakufa wiki zinazofuata. Zahanati ngapi bado zinafanya kazi, na ndani yake mna nini?

Beira jibu lilikuwa zito. Hospitali kuu ya mji iliezuliwa sehemu ya paa. Vituo vya afya zaidi ya 50 katika eneo lile viliharibika. Simu zilinyamaza na barabara kuu ikakatika, kwa hiyo hata kuuliza tu ilikuwa kazi. Ilibidi watu waende wenyewe, kwa helikopta au mashua, wakaone kwa macho.

Kazi hiyo huitwa tathmini. Anayeifanya hufika na karatasi yake na kuuliza mambo ya kawaida kabisa. Paa lipo? Maji safi yapo? Dawa zimelowa? Friji ya chanjo inawaka? Mama akishikwa na uchungu usiku huu, atajifungulia wapi? Halafu huuliza wahudumu wangapi wamefika kazini, na hapo ndipo wengi hupita haraka. Muuguzi naye ana nyumba na watoto. Kama nyumba yake imekwenda na maji na watoto wamelala kwa jirani, huyo pia ana mahitaji ya kuandikwa, sawa na upungufu wa dawa.

Faida ya kuhesabu ilionekana upesi. Tarehe 27 Machi kipindupindu kilithibitishwa Beira. Tarehe 3 Aprili, wiki moja tu baadaye, chanjo ya kumeza ilianza kutolewa, dozi kama 900,000. Chanjo hiyo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Bila kujua baridi ipo wapi na nani yupo wa kuitoa, mngeipeleka wapi? Watu zaidi ya 800,000 walichanjwa. Waliougua walikuwa zaidi ya 6,700, na waliokufa, kwa hesabu iliyotolewa na serikali, ni 8. Sisi tunaokumbuka kipindupindu cha wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 tunajua kwamba 8 ni wachache mno.

Sasa mama, wewe unaingiaje hapa? Wakija watu wa kuandika kijijini kwenu baada ya mafuriko, kama yale ya Aprili na Mei 2024, usiwaachie chifu peke yake. Wewe unajua mjamzito yuko nyumba gani, nani anameza dawa za kila siku na zimesombwa, na mtoto gani amekosa chanjo. Yaseme. Kadi ya kliniki itie kwenye mfuko wa plastiki mapema, mvua zikianza.

Na kama nyumba ya muuguzi wenu imeingia maji, mtajeni. Mara nyingi yeye mwenyewe hasemi.