Utulivu wa Momella una historia yake

Magari ya watalii yakitoka Arusha mengi hushika njia ya Makuyuni, kwenda Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Machache hukata kona Usa River na kupanda hadi maziwa ya Momella, chini ya Mlima Meru. Huko ufukweni utawasikia ndege tu, heroe wakitafuta chakula katika maji ya magadi. Mpenda utulivu wa mji huu ana haja gani ya kuota fukwe za Mediterania?

Lakini jirani tu ya hapo ni Ngare Nanyuki. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwafukuza huko Wameru wapatao 3,000. Nyumba zilichomwa moto, ardhi ikakatwa kuwa mashamba 13 ya walowezi. Wananchi wakachanga fedha, senti kwa senti, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kueleza dhuluma hiyo. Katika Baraza Kuu theluthi mbili ya kura haikupatikana. Hata hivyo mkoloni alikwisha kushitakiwa hadharani, tena na mkulima, miaka miwili kabla TANU haijazaliwa.

Ukifika Momella utasimuliwa habari za John Wayne, aliyeigiza hapo katika filamu ya Hatari! ya mwaka 1962. Si vibaya, sinema ilikuwa nzuri. Ila mwongoza watalii akimaliza, muulize na habari za Kirilo.