Kambare

kambare *nm* [a-/wa-], wingi *kambare* au *makambare*. Hutamkwa pia *kambale*. Samaki wa maji baridi asiye na magamba, mwenye kichwa kipana kilicho bapa, ngozi yenye utelezi na sharubu nane kuzunguka kinywa. Kisayansi huitwa *Clarias gariepinus*. Maandishi ya zamani kuhusu Afrika Mashariki humtaja kama *Clarias mossambicus*. Mtarajumi akikutana na jina hilo asidhani ni samaki mwingine. Kando ya Ziwa Viktoria huitwa *mumi*.

Kwa kuwa ni kiumbe hai, upatanisho wake ni wa A-WA hata katika umoja usio na kiambishi: *kambare mkubwa amenaswa*, si *\*kambare kubwa imenaswa*.

Kambare na kamongo. Majina haya huchanganywa hata vitabuni. Kamongo ana mapafu halisi na mapezi membamba kama kamba. Wakati wa kiangazi hujifukia udongoni ndani ya ganda la ute na kulala humo hadi mvua zirudi. Kambare hana mapafu. Juu ya matamvua yake pana kiungo chenye matawi mithili ya kijiti, ambacho hunyonya oksijeni ya hewani. Kwa hiyo hustahimili tope lenye unyevu, na usiku wa mvua huweza kutambaa nchi kavu kutoka dimbwi moja hadi jingine, akijisukuma kwa miiba ya mapezi ya kifuani. Ganda la ute hajitengenezei kamwe.

Kuhama, kupanda, kushuka. Hapa ndipo tafsiri nyingi hupotoka. Neno *uhamiaji* limekwisha kushikwa na pasi za kusafiria na mipaka ya nchi; kwa samaki yafaa *uhamaji*. Hata hivyo, mwendo wa kambare si wa kuhama moja kwa moja. Mvua zinapojaza vijito na maji kufurika nyasi za kandokando, kambare waliopevuka hutoka kwenye kina, hupanda mkondo na kuingia katika maji ya kina kifupi. Hutaga usiku. Mayai hunata kwenye majani yaliyozama na huanguliwa kwa siku moja au mbili iwapo maji yana joto. Wazazi hawayalindi, hushuka tena ziwani, na vifaranga hubaki kukulia majanini. Maji yakikauka mapema, mayai hukauka nayo.

Vitenzi *kupanda* na *kushuka* hubeba safari yote hiyo, kwenda na kurudi. Tofauti hii si ya wanalugha peke yao. Tangazo linalokataza kuvua «samaki wanaohama» humwacha mvuvi akijiuliza ni wepi hao. Likisema «samaki wanaopanda kutaga», anajua papo hapo kuwa ni wale waliojaa mayai wanaopita mlangoni mwa mgono wake. Nao ndio wepesi kuliko wote kunaswa, kwa kuwa kijito ni chembamba na samaki ni wengi. Mji wa Babati, mkoani Manyara, ambao kata ya Mutuka ni sehemu yake, una ziwa lake la maji baridi, tofauti na Ziwa Manyara lenye magadi. Penye ziwa la namna hiyo, mgono uliotegwa kijitoni msimu wa mvua huvua pia kambare wa miaka ijayo.

*Mifano:* Mvua iliponyesha usiku kucha, kambare walipanda kijito. / Mama mmoja wa Mutuka alinunua kambare wawili wa kukausha. / Maji yaliposhuka, vifaranga wa kambare walikwama dimbwini.

Matumizi ya kitamathali. *Familia ya kambare* (au *nyumba ya kambare*) ni kaya isiyo na wa kumtii mwenziwe: baba ana sharubu, mama ana sharubu, na mtoto naye anazo. Usemi huu ni wa kejeli, nao hutumika pia kwa ofisi na vyama. Kibaiolojia umesimama imara, maana dume na jike wote wana sharubu, na kifaranga huziotesha mapema.

Mlo. Kwa kukosa magamba, kambare huepukwa na Wasabato na baadhi ya Waislamu. Mtafsiri wa mapishi na alikumbuke hilo kabla ya kuandika «samaki» tu.

*Taz. pia:* kamongo, gogogo, mgono, sharubu.