Uhuru wa Ekari Hamsini

Nyumba isipungue futi 24 kwa 18, na kimo chake futi 12. Iwe na vyumba vinne. Isimame futi 33 kutoka barabarani, na mbele yake pawe na uzio na bustani ya maua. Pombe isiuzwe.

Ukiyasoma masharti haya bila kujua yaliandikiwa nani, utadhani ni ya mwenye nyumba mkorofi wa mjini. Kumbe yaliwahusu watu waliotoroka utumwa Marekani, wengi wao wakiwa hawana kitu ila nguo walizovaa. Mahali penyewe ni Buxton, katika tarafa ya Raleigh, wilaya ya Kent, kusini-magharibi mwa eneo ambalo leo ni jimbo la Ontario nchini Kanada, si mbali na Ziwa Erie.

Simulizi za watoro hawa kwa kawaida huishia mpakani. Tunapewa usiku, mbwa wa kuwinda na mto. Mtu anavuka, anapiga magoti, hadithi inakwisha. Mimi huvutiwa zaidi na asubuhi yake. Aliyevuka atalala wapi? Atakula nini wakati wa theluji? Nani atamkopesha mtu ambaye jana alikuwa mali ya mtu mwingine? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini jembe bila shamba ni mzigo tu.

Mtu aliyeanzisha makazi ya Buxton hakuwa na mikono safi. William King alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri, mzaliwa wa Ireland, aliyekwenda kufundisha shule Louisiana. Huko alioa katika familia yenye watumwa, na yeye mwenyewe akawa mmiliki wa watumwa. Mwaka 1849 aliwaacha huru watu 15 aliokuwa akiwamiliki na kuwaleta Kanada, ambako utumwa ulikuwa umekomeshwa tangu 1834 kama kwingineko katika makoloni mengi ya Uingereza. Ikaundwa jumuiya iliyouza hisa na kununua ekari zipatazo 9,000 za ardhi ya Serikali.

Ardhi hiyo haikugawiwa bure. Kila familia ilichukua ekari 50 kwa dola 2.50 ekari moja, yaani dola 125, zilizolipwa kwa awamu katika miaka kumi pamoja na riba. Katika muda huo shamba halikuruhusiwa kuuzwa ila kwa Mweusi mwenzake. Sharti hili lilikuwa na maana yake: mtu mwenye njaa huuza upesi, na wanunuzi wenye fedha wakati ule walikuwa Wazungu. Bila sharti hilo, makazi yangeweza kununuliwa kipande kwa kipande kabla hayajasimama.

Kazi ilikuwa ngumu. Raleigh ilikuwa msitu mnene juu ya udongo mzito unaotuamisha maji. Walikata miti, wakachimba mitaro ya kutoa maji, wakalima. Wengine walikwenda vibarua vya ujenzi wa reli ili wapate fedha za awamu. Baadaye pakawa na kiwanda cha kupasua mbao, kinu cha kusaga nafaka na tanuri la matofali. Weusi wa mji wa Pittsburgh waliwatumia kengele, nayo ikawa inapigwa kila alipofika mgeni mpya aliyepata uhuru. Baada ya Marekani kupitisha Sheria ya Watumwa Watoro mwaka 1850, iliyowezesha mtu kukamatwa hata katika majimbo yasiyo na utumwa, wageni waliongezeka.

Majirani Wazungu hawakuwapokea kwa mikono miwili. Katika mji wa Chatham, Edwin Larwill, mwanasiasa wa huko, aliongoza upinzani kabla hata mti wa kwanza haujakatwa. Palifanyika mkutano wa hadhara, maombi yakapelekwa serikalini ili makazi yazuiwe. Mpaka ulikuwa umewaokoa watoro na pingu, haukuwaokoa na dharau.

Namna Buxton ilivyojibu ndiyo inayonifanya nirudi kuisoma. Jibu la kwanza lilikuwa shule. Sheria ya elimu ya 1850 iliruhusu shule za kuwatenga watoto Weusi, na shule ya mwisho ya aina hiyo Ontario haikufungwa hadi 1965. Buxton ilifungua shule iliyofundisha mpaka Kilatini na Kigiriki, ikawa nzuri kiasi kwamba Wazungu wa jirani walianza kuwaleta watoto wao. Humo alipita Anderson Ruffin Abbott, ambaye mwaka 1861 alikuwa Mweusi wa kwanza mzaliwa wa Kanada kupata leseni ya udaktari. Alipita pia James Rapier, aliyekuja kuiwakilisha Alabama katika Bunge la Marekani kuanzia 1873.

Jibu la pili lilikuwa kura. Mwanamume aliyetaka kupiga kura alipaswa kuwa raia na kuwa na mali. Zile ekari 50, mitaro na awamu zilikuwa njia ya kulifikia sanduku la kura. Larwill aliingia bungeni mwaka 1854. Uchaguzi uliofuata akashindwa na Archibald McKellar, na kura za wanaume wa Buxton zilikuwa miongoni mwa zile zilizomwangusha.

Nisingependa tuipambe Buxton kupita kiasi. Ardhi ya Serikali ilikuwa kwanza ardhi ya mataifa ya asili, Waojibwe, Waodawa, Wapotawatomi na Wawyandot, na ilipita mikononi mwa Waingereza kwa Mkataba wa McKee wa 1790. Uhuru wa hawa ulijengwa juu ya hasara ya wale. Na bustani ya maua kuwa sharti inaonyesha kwamba mtu Mweusi alitakiwa kuthibitisha utu wake kwa macho ya mpita njia, jambo ambalo hakuna Mzungu wa Raleigh aliyedaiwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vilipoanza, vijana wa Buxton walivuka tena mpaka, safari hii kuelekea kusini, kwenda kupigania jeshi la Muungano. Amani ilipokuja mwaka 1865, wengi walihamia Marekani kuwatafuta ndugu, kufundisha, kugombea vyeo. Jumuiya ilivunjwa mwaka 1873. Wapo wanaouhesabu mwisho huo kuwa kushindwa. Naona vigumu kukubali. Mtoro hukimbia, mwenye shamba, elimu na kura huamua kuondoka. Tofauti kati ya vitenzi hivyo viwili ndiyo iliyogharimu dola 125.

Na si wote walioondoka. Wazao wa walowezi wa kwanza wangali wanaishi huko, na jengo la shule la 1861 bado limesimama. Tangu 1924, kila mwanzo wa Septemba, jamaa waliotawanyika Kanada na Marekani hukusanyika Buxton kusalimiana na kuulizana habari za ukoo.